Gari linavuta upande na kula matairi: tafuta chanzo kabla ya kugusa kemba

Mtu akiona matairi ya mbele yamekwisha upande wa ndani, wazo la kwanza ni kwenda kwenye mashine ya alaimenti, ile inayopima pembe za matairi ili zirekebishwe. Gari linapandishwa, vipimo vinasomwa, nati mbili tatu zinazungushwa, karatasi inatoka na rangi ya kijani, mwenye gari analipa na kuondoka. Haupiti muda mrefu, tairi jipya limeanza kulika palepale lilipolika la zamani.

Mara nyingi mashine haina kosa. Kazi yake ni kupima tairi limekaaje wakati gari limesimama, basi. Haijui kwamba bushi, yaani kiungo cha raba, ya kontroli amu (mkono wa chuma unaoshika tairi kwa chini) imechanika na kwamba ukikanyaga breki tairi zima linarudi nyuma. Haijui kwamba boliti ya kemba, yaani ya mwinamo wa tairi, ililegea siku ulipopiga shimo. Ndiyo maana nashikilia kwamba alaimenti ni kazi ya mwisho. Inayoitangulia ni kupekua, na kupekua hakuhitaji mashine ya mamilioni. Unahitaji jeki, stendi imara, tochi, mkono wako na mtu wa kukusaidia.

Hapa nitatumia Subaru Impreza WRX ya kizazi cha pili, ile ya 2000 hadi 2007, kwa sababu vijana wengi wa Tanga wanaopenda gari la mwendo wameanzia hapo au wanatamani kuanzia hapo. Mwenye Toyota Altezza au Mark X atafaidika na karibu yote, ila sehemu za kurekebishia kwenye gari lake zimekaa tofauti, asilazimishe.

Pembe tatu, na ipi inamaliza tairi

Kemba ni mwinamo wa tairi ukilitazama gari kwa mbele. Juu ya tairi kukiingia ndani, kemba ni hasi. Kukitoka nje, ni chanya. Tou ni mwelekeo wa matairi mawili ya ekseli moja ukiyatazama kutoka juu: pua zikikaribiana ni tou ya ndani, zikiachana ni tou ya nje. Kasta ni mlalo wa ule mhimili ambao tairi huzunguka unapokata kona. Mhimili ukilala kuelekea nyuma kwa juu, usukani unakuwa na uzito kidogo na unarudi wenyewe ukimaliza kona.

Watu wanailaumu kemba kwa kila kitu kwa sababu inaonekana kwa macho. Gari limeshushwa, matairi yamelala, tairi limelika ndani, basi hukumu imetoka. Lakini mhalifu mkubwa ni tou. Chukua tairi la 215/45R17, ambalo kipenyo chake ni milimita 625 hivi. Tou ya jumla ikikosea kwa milimita 3, kila tairi limepinda milimita 1.5. Ukifanya hesabu, kwa kila kilomita moja tairi linaburuzwa pembeni karibu mita 2.4. Kutoka Tanga hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 350. Ukifika, tairi lako limesuguliwa pembeni zaidi ya mita 800 juu ya lami ya moto, na hujakata kona hata moja kwa fujo. Kemba hasi ya digrii moja na nusu ikiwa na tou sifuri itadumu na tairi muda mrefu. Kemba hiyohiyo ikiwa na tou ya nje itamaliza ukingo wa ndani mpaka nyuzi za chuma zitokeze, huku upande wa nje bado una kashata zake zote, yaani vile vipande vya raba vinavyogusa lami.

Kwenye Subaru hasara haiishii kwenye tairi. Gari linaendesha matairi yote manne, na Subaru yenyewe inataka mzingo wa matairi yote usitofautiane zaidi ya robo inchi, yaani milimita 6.4. Tairi moja likilika peke yake, difu ya kati, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, inalazimika kufanya kazi barabara nzima, hata pale gari linaponyooka. Ukichelewa kutibu alaimenti, unaweza kuja kutibu gia boksi.

Anza na upepo, kisha mkono

Pima upepo wa matairi yote yakiwa baridi. Nimetaja hili kwanza kwa sababu upepo mdogo upande mmoja unavuta gari vizuri tu bila msaada wa kemba. Hakikisha matairi ya ekseli moja ni ya saizi na aina moja. Toa mizigo isiyokaa kwenye gari siku zote.

Halafu soma tairi. Likague kwa macho kwanza, kwa sababu waya zikishatokeza zitakukata. Likiwa salama, pitisha kiganja juu ya kashata kutoka ukingo wa nje kwenda ndani, kisha rudi kutoka ndani kwenda nje. Tou ikiwa imekosea utahisi kama unampapasa samaki: upande mmoja magamba yanalala, upande mwingine yanakukwaruza. Kiganja kikiteleza kwenda ndani na kukwama kwenda nje, tou ya ndani imezidi. Kikiteleza kwenda nje na kukwama kwenda ndani, ni tou ya nje. Kwa kipimo hiki cha mkono unaweza kujua hali ya tou kabla gari halijaondoka nyumbani.

Tairi lililolika upande mmoja lakini uso wake ni laini pande zote mbili, halina magamba, linaelekeza kwenye kemba. Likilika kingo zote mbili na kubaki katikati, lilikuwa linatembea na upepo mdogo. Likilika katikati tu, upepo ulizidi. Likiwa na mabonde mabonde kuzunguka mzingo wake, kagua shokapu na balansi. Hapo alaimenti peke yake haitakusaidia.

Sasa nyanyua mbele kwa jeki na uweke stendi. Shika tairi juu na chini, saa 12 na saa 6, ulisukume na kulivuta. Likicheza, mwambie msaidizi akanyage breki na usiache kusukuma. Mchezo ukipotea, ni beringi ya habu, yaani ya kitovu cha tairi. Ukibaki, angalia boljointi ya chini, kile kiungo cha duara kwenye ncha ya kontroli amu. Kisha shika saa 3 na saa 9. Mchezo hapa ni tairodi endi (ncha ya fimbo inayogeuza tairi) au kiungo cha ndani cha raki, ule mtambo wa usukani unaosukuma fimbo hizo. Shika buti ya raki kwa mkono mwingine, na kikiwa cha ndani utakihisi kikigonga mle. Ukiona mchezo popote kati ya hapo, alaimenti isubiri. Huwezi kupima pembe ya kitu kinachohamahama.

Bushi ya nyuma ya kontroli amu ya mbele ndiyo inayosahaulika, na kwenye WRX ina kazi kubwa. Iangalie kwa tochi gari likiwa chini, msaidizi akilisogeza mbele na nyuma kidogo huku akifunga breki. Ukiona amu inasafiri mbele na nyuma ndani ya raba, au raba imeachana na chuma, hiyo imekwisha. Dalili yake barabarani ni gari linalobadilisha mawazo: unakanyaga breki linaelekea huku, unakanyaga mafuta linaelekea kule. Kasta inabadilika kila unapogusa pedali, na hakuna mashine itakayoiweka sawa.

Gari linavuta

Swali la kwanza ni barabara. Sisi tunaendesha kushoto, na lami hujengwa na mwinamo wa kumwaga maji pembeni, kwa hiyo gari lililo sawa kabisa ukiliachia usukani litaelea kushoto taratibu. Hilo si kosa. Jaribu kwenye eneo pana lililo tambarare, kwa mwendo mdogo, kabla ya kusema gari linavuta.

Swali la pili ni lini linavuta. Likivuta wakati wa breki tu, tafuta kalipa (kifaa kinachobana diski ya breki) iliyokwama, bomba la breki lililoziba kwa ndani, au bushi ile niliyoisema. Likivuta muda wote, endesha kilomita chache bila kutumia breki sana, simama, na usogeze kiganja karibu na rimu bila kuishika. Rimu moja ikiwa na moto kuliko mwenzake, breki ya upande huo haiachii.

Breki zikiwa salama, badilisha matairi ya mbele, la kushoto lipeleke kulia na la kulia kushoto. Kama ni matairi ya mwelekeo mmoja, yenye mshale, badilisha la mbele na la nyuma la upande uleule. Gari likigeuza upande wa kuvuta, au likiacha kabisa, shida iko ndani ya tairi. Tairi linaweza kuzaliwa na umbo linaloviringika upande, na ukilitazama hutaona kitu. Kipimo hiki ni cha bure, na nimeona watu wakinunua shokapu mbili mpya kabla ya kukifanya.

Hapo tu ndipo unafika kwenye pembe. Gari huvutwa kuelekea upande wenye kemba chanya zaidi, na kuelekea upande wenye kasta ndogo zaidi. Tofauti ya kemba kati ya kushoto na kulia ikizidi nusu digrii, tarajia kuvutwa. Tou ya mbele kwa kawaida haivuti gari: matairi mawili hugawana kosa na gari linakwenda mbele, ila linatangatanga na usukani unakaa upande.

Mazungumzo ya namna hii hutokea gereji kila siku:

"Fundi, nimefanya alaimenti juzi tu, mbona bado linavuta kulia?"

"Karatasi unayo, kaka?"

"Ninayo. Wameniambia yote ni kijani."

"Kemba ya kulia imeandikwa sifuri, ya kushoto hasi nukta tisa. Kila moja peke yake imeingia kwenye kijani. Ukizilinganisha, zimeachana karibu digrii nzima."

Ndiyo sababu nasema usisome rangi. Soma namba, na uzisome mbilimbili, kushoto kwa kulia. Kijani maana yake ni kwamba namba imeangukia ndani ya mipaka ya kiwanda, na mipaka hiyo ni mipana.

Upande mmoja tu ndio umeharibika

Gari likiwa na kemba nzuri kushoto na mbaya kulia, kuna kitu kimegongwa, kimepinda au kimehama. Watu wengi hukimbilia kuivuta kemba irudi kwa boliti na kuendelea na safari. Hapo umeficha chuma kilichopinda.

Kwenye WRX anza na boliti mbili zinazofunga shokapu ya mbele kwenye chuma kinachobeba habu. Ya juu ndiyo ya kemba, ina kichwa kisichokaa katikati, na ukiizungusha tairi linalala au kusimama. Isipokazwa kwa nguvu inayotakiwa, tuta moja la barabarani linalopigwa kwa kasi linaihamisha. Utaona alama: rangi imekwanguka, chuma kinang'aa pembeni mwa washa ambapo zamani palikuwa na vumbi. Kila nikimaliza kukaza napenda kupiga mstari wa rangi juu ya boliti na mwili wa shokapu. Gari likirudi na mstari umeachana, jibu ninalo kabla ya kufungua chochote.

Boliti ikiwa mahali pake, angalia kwenye karatasi ya vipimo namba iliyoandikwa herufi SAI. Huo ni mwinamo wa mhimili wa usukani kwa ndani. Kemba ikiwa imeharibika lakini SAI ya kushoto na kulia zinalingana, kilichopinda kiko kwenye shokapu yenyewe au kwenye chuma kinachobeba habu. SAI nayo ikiwa imebadilika pamoja na kemba, tafuta chini na juu zaidi: kontroli amu iliyopinda, krosmemba (boriti ya chuma ya chini inayobeba kontroli amu) iliyohama, au ile minara ya bodi inayoshika vichwa vya shokapu. Krosmemba iliyohama ina sahihi yake: upande mmoja kemba imeongezeka, upande wa pili imepungua kwa kiasi karibu hichohicho. Uliza kama imewahi kushushwa kwa ajili ya kazi nyingine. Mara nyingi ilirudishwa bila kuwekwa katikati, na dawa ni kulegeza, kuisogeza na kukaza upya, bila kununua kifaa hata kimoja.

Magari mengi haya tunayapata yakiwa yametumika, na historia ya ajali haiji pamoja na funguo. Kabla ya kununua WRX, lipia kipimo cha alaimenti bila marekebisho, uione SAI. Ninakiamini kipimo hicho kuliko rangi ya bodi.

Gari lililoshushwa

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo pesa nyingi inapopotea. Ukifunga springi fupi, mambo matatu yanatokea kwa pamoja. Kemba inakwenda hasi. Tou inabadilika, kwa sababu tairodi na kontroli amu sasa zina pembe mpya na hazisafiri kwa njia ileile. Na bushi zote zilizokazwa gari likiwa katika kimo cha zamani sasa zimejikunja muda wote, hata gari likiwa limelala uani.

La tatu ndilo ambalo wengi hawalijui. Bushi ya raba imeshikana na chuma cha ndani na cha nje. Ukiikaza gari likiwa hewani kwenye jeki, halafu ukalishusha, raba inapindwa na kubaki imepindwa. Itachanika mapema, na kabla ya kuchanika inaliinua gari kidogo na kukupa vipimo vya uongo. Njia sahihi ni kulegeza boliti za bushi, kulishusha gari likae kwa uzito wake juu ya matairi, kulitikisa, kisha kukaza likiwa chini. Ni kazi ya kujikunja na kuchafuka, lakini ifanye.

Baada ya kushusha gari, alaimenti ni lazima siku ileile. Usiseme "nitazoea kwanza". Tou iliyobadilika kwa springi fupi inaweza kumaliza jozi ya matairi kabla hujaona dalili, kwa sababu ukingo wa ndani hauonekani mpaka ulale chini au upinde usukani mpaka mwisho.

Na kuna kiwango ambacho sipendi kukivuka. Kwenye mfumo wa shokapu wa namna hii, kontroli amu ikishaanza kupanda kuelekea boljointi, yaani boljointi ikawa juu kuliko upande wa ndani wa amu, badala ya kulala tambarare, tairi la nje linapoteza kemba hasi gari linapolala kwenye kona. Gari lililoshushwa sana linapendeza limesimama, halafu kwenye kona linakuwa baya kuliko lilivyotoka kiwandani. Ukipanda kutoka Mombo kwenda Soni na Lushoto, kona zinafuatana, na utaona pua inakataa kuingia.

Dalili hiyo ya pua kukataa, ikiambatana na matairi ya mbele kulika ukingo wa nje pande zote mbili, kwenye gari ambalo halijashushwa kupita kiasi, ina maana tofauti: kemba hasi haitoshi kwa namna unavyoendesha. Hapo unaruhusiwa kuongeza. Boliti ya kiwandani ina mwisho wake, na zaidi ya hapo utahitaji sahani za juu za shokapu zinazorekebishika.

Nyuma, ambako watu hawaangalii

Usukani umekaa upande lakini gari linakwenda moja kwa moja. Wengi husema tou ya mbele. Inawezekana. Lakini kama tairodi zimerekebishwa na usukani umerudi kupinda, angalia nyuma. Matairi ya nyuma yakielekea kulia hata kidogo, yanalisukuma gari lote kimshazari, na wewe unashikilia usukani upande ili liende sawa bila kujijua. Mtu anayekufuata ataona gari lako linatembea kiubavu.

Tou ya nje nyuma ni hatari kweli, na sisemi hivi kwa kutisha. Mvua za masika zikishuka, ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona, nyuma inataka kukupita. Dereva anahisi gari "jepesi nyuma" au "linacheza" kwenye mwendo mkubwa. Ukisikia maneno hayo, pima nyuma kabla ya kitu kingine chochote.

Kwenye WRX hii tou ya nyuma hurekebishwa kwa boliti isiyo ya katikati kwenye linki za pembeni, na kemba ya nyuma haina marekebisho ya kiwandani. Sasa njoo kwenye tatizo la Tanga. Gari linalolala Raskazone au popote upepo wa bahari unapopiga usiku kucha, boliti hizo hushikana kwa kutu na chuma cha ndani cha bushi. Kwa nje nati inaonekana nzima. Unaweka spana, unazungusha, boliti inasogea kidogo, unafurahi, halafu ukiachia inarudi yenyewe ilipotoka. Haikuzunguka. Umeizungusha raba ya bushi, na raba imekurudishia. Fundi wa mashine mwenye foleni ya magari hapo ataandika vipimo vya nyuma kama alivyovikuta na kuendelea na mbele. Ndiyo maana karatasi nyingi zina nyekundu nyuma na mwenye gari anaambiwa "nyuma hairekebishiki".

Inarekebishika. Loweka kwa dawa ya kutu siku moja kabla, rudia jioni. Ikigoma, moto kidogo kwa uangalifu, mbali na tangi la mafuta na mabomba ya breki. Ikigoma tena, kata boliti pande zote mbili za bushi, ununue linki, boliti na washa zake mpya. Zikiingia mpya, paka grisi nzito kwenye shina la boliti kabla ya kuifunga, ili fundi wa baadaye asikutane na shida hiyohiyo.

Dalili ndogo ndogo

Usukani haurudi baada ya kona: kasta imepungua, au kuna kitu kikavu. Mara nyingi ni kikavu. Pitisha mkono juu ya tairi, uguse springi ya mbele huku mtu akizungusha usukani; ikijikunja na kuruka kwa mshindo, beringi ya juu ya shokapu imejaa vumbi.

Gari linafuata mifereji iliyochimbwa na malori kwenye lami: matairi mapana na kemba hasi hufanya hivyo kwa asili yake. Hakikisha tu hakuna tou ya nje, kisha shika usukani vizuri.

Usukani unatetemeka kwenye kilomita 80 hadi 100 kwa saa: balansi au rimu iliyopinda. Ukitetemeka kwenye breki tu: diski.

Ukifika kwenye mashine

Omba mambo haya bila aibu. Rimu zifidiwe kwanza, yaani fundi azungushe kila tairi ili mashine ijue rimu imepinda kiasi gani. Wengi huruka hatua hii ili kuokoa dakika. Usukani ufungwe ukiwa katikati. Kazi ianzie nyuma, kemba halafu tou, ndipo ije mbele: kemba, na tou ya mwisho kabisa, kwa sababu kila ukigusa kemba tou inahama. Na gari likiwa limenyanyuliwa wakati wa kazi, lisogezwe mbele na nyuma na kutikiswa kabla ya kusomwa upya. Matairi yakitoka hewani yanakaa yamejibana ndani, na namba za wakati huo hazina maana.

Kwa WRX ya barabarani inayoendeshwa kwa moyo lakini inayokwenda kazini kila asubuhi, ninapenda kemba ya mbele karibu hasi 1.5, nyuma iwe pungufu kidogo kuliko mbele, tou ya mbele sifuri, na nyuma sifuri au ya ndani milimita moja au mbili kwa jumla. Anayetaka matairi yadumu tu abaki kwenye namba za kitabu cha gari lake.

Kama huna mashine karibu, uzi unatosha kukagua. Sakafu tambarare, stendi nne, nyuzi mbili zilizovutwa sambamba, mmoja kila upande wa gari, kwa kimo cha katikati ya habu, na rula. Weka chini ya kila tairi la mbele vigae viwili laini vyenye grisi katikati, ili tairi liweze kuteleza lilipo na lisishikwe na sakafu. Pima kutoka uzi hadi ukingo wa rimu, mbele na nyuma ya kila rimu. Kwa kemba, simamisha rula iliyonyooka wima kwa pimamaji au timazi, upime tofauti kati ya alama mbili za rimu zilizoachana milimita 430: kila milimita 7.5 ni digrii moja. Nimeona kazi ya uzi iliyofanywa kwa subira ikishinda ya mashine iliyofanywa kwa haraka.

Gari likiwa na mfumo wa kuzuia kuteleza, na usukani umerekebishwa kukaa katikati, kihisi cha usukani kinaweza kuhitaji kuwekwa upya kwa kompyuta. Taa ya mfumo huo ikiwaka kwenye dashibodi baada ya kazi, rudi siku hiyohiyo. Baada ya hapo endesha wiki moja, pita kwenye matuta yako ya kawaida, kisha kagua mistari ya rangi kwenye boliti na upitishe kiganja tena juu ya tairi, nje kwenda ndani, ndani kwenda nje.